UZI: Gesi ya kupasua mwamba, makaa ya mawe na sola. Hesabu za Marekani, na kwa nini haziingii moja kwa moja Arusha na Moshi

#1 KisimaKirefu (Sakina, Arusha)

Wakuu, kwenye ule uzi wa bei za paneli kuna mdau kaandika hivi: "Subirini gesi ya Mtwara ifike Arusha, sola mtaziuza chuma chakavu. Marekani wamepasua miamba wakapata gesi ya bei chee, jua hawana habari nalo." Sentensi mbili, na ndani yake kuna mambo matatu yaliyopikwa chungu kimoja. Nayatenganisha.

Gesi ya Mtwara na Songo Songo haitokani na kupasua mwamba. Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, na kote kuwili gesi imekaa kwenye mawe ya mchanga ambayo vinyweleo vyake vimeungana. Unatoboa, unaweka kesingi (bomba la chuma la kukinga kuta za kisima), unafungua valvu, gesi inapanda kwa presha yake yenyewe. Hakuna malori ya pampu hapo.

Kinachopasuliwa Marekani ni sheli. Na sheli ninayoisema hapa si ile unakojaza mafuta. Ni tope la kale lililogandamana likawa mwamba, linabanduka tabaka tabaka kama chapati iliyokunjwa vizuri. Gesi imo humo ndani lakini haina njia ya kutokea. Upenyo wa mawe mazuri ya mchanga unapimwa kwa milidarsi, wa sheli kwa nanodarsi, yaani chini mara milioni moja. Ndipo inapokuja hiyo wanayoiita frakingi.

Kisima cha leo kwenye sheli ya Marcellus, jimbo la Pennsylvania, kinakwenda hivi. Unatoboa wima hadi kama mita 2,000, unakunja pole pole mpaka kisima kilale, kisha unasafiri mlalo kilomita 2 hadi 3 ndani ya tabaka lenyewe. Kesingi zinashuka kwa awamu: ya inchi 13 na 3/8 ipite chini ya maji yote matamu, ikifuatwa na ya 9 na 5/8, halafu ya 5 na nusu mpaka ncha ya kisima. Kila moja inazungushiwa saruji. Baada ya hapo unaanzia mwisho kurudi nyuma. Unashusha vilipuzi vidogo vya kutoboa kesingi kwenye kipande cha mita 60 hadi 75, unasukuma maji na mchanga, unaziba kwa plagi, unahamia kipande kingine. Vipande ni 30 hadi 50 kwa kisima.

Kipande kimoja kinakula takriban mita za ujazo 1,300 za maji na tani 200 na ushee za mchanga. Malori ya pampu 16 hadi 20 yanasukuma mita za ujazo 13 hadi 16 kwa dakika, na geji ya juu ya ardhi inaweza kusoma psi (paundi kwa inchi ya mraba) 9,000. Vipande 40 ni lita milioni 52, sawa na maboza 5,200 ya lita 10,000. Mchanga unabaki kwenye nyufa ili presha ikishuka zisijifunge. Ukiuongeza haraka kuliko maji yanavyoweza kuubeba unatuama kwenye matundu, presha inaruka ghafla, na hapo unasimamisha kazi kwenda kuzibua kisima. Kemikali ni kama nusu asilimia tu ya ujazo: kipunguza msuguano, dawa ya bakteria, kizuia magamba, asidi ya haidrokloriki ya kusafishia matundu. Ila nusu asilimia ya lita milioni 52 ni lita 260,000. Anayekwambia "ni maji na mchanga tu" mpe hiyo hesabu.

Kupasua kwenyewe ni kwa zamani, jaribio la kwanza ni Kansas 1947. Mambo yaligeuka pale kampuni ya George Mitchell, kwenye sheli ya Barnett huko Texas, ilipoachana na jeli nzito mwishoni mwa miaka ya 1990 na kutumia maji mengi yenye kilainishi kidogo. Mbinu hiyo ikaja kuoana na uchimbaji wa mlalo. Bei ya gesi Marekani iliyokuwa karibu dola 9 kwa MMBtu (kipimo cha nishati, karibu gigajuli moja) mwaka 2008 ikawa dola 2.75 mwaka 2012.

Jambo moja huwa linasahaulika. Kisima cha sheli kinapoteza 60% hadi 70% ya uzalishaji wake ndani ya mwaka wa kwanza. Ili gesi isipungue lazima uchimbe vingine, kila mwaka, bila kupumzika. Songo Songo imeanza kutoa gesi 2004 na bado inatoa.

#2 Chalii_UngaLtd

Mkuu umeshusha nondo. Sasa jibu la mtaani: sola inakufa ama haifi?

#3 Laini400 (Njiro)

Haifi, ila inategemea unaiweka mezani na nani. Tuanze huko huko Marekani. Mwaka 2005 makaa ya mawe yalikuwa yanafua karibu 50% ya umeme wao, gesi 19%. Mwaka 2023 makaa yalikuwa 16% hivi, gesi 43%. Aliyezikwa na gesi ya sheli ni makaa ya mawe, na vinu kadhaa vya nyuklia vikafuata. Vermont Yankee kilifungwa mwishoni mwa 2014, na gesi rahisi ilitajwa wazi kuwa sababu.

Upepo na jua viliumia kwa njia nyingine. Kwenye soko lao, mtambo wa mwisho kuitwa ndio unaopanga bei ya saa hiyo, na mara nyingi mtambo huo ni wa gesi. Gesi ikishuka, bei ya umeme wote inashuka, na mwenye shamba la upepo analipwa kidogo kwa uniti ile ile. Miaka ya 2010 mwanzoni waliopona wengi ni waliobebwa na nafuu ya kodi ya serikali au na sheria za majimbo. Kisha bei ya paneli ikaporomoka na hesabu zikageuka. Angalia Texas: ndiko frakingi ilikokomaa, na ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa umeme wa upepo.

Sasa upande wa ufundi, maana watu husema "gesi ni rafiki wa sola" bila kutaja ni mtambo gani. Tabaini ya gesi iliyo peke yake inawaka ndani ya dakika 10 hadi 15, ila ufanisi wake ni 30% hadi 38%. Ile ambayo moto wake wa kutolea unachemsha maji na kuzungusha tabaini ya pili ya mvuke, kama Kinyerezi II yenye MW 240, inafika 50% na zaidi, lakini ikiwa imepoa inataka saa kadhaa kuamka, na ukiiendesha nusu mzigo ufanisi unashuka. Injini za pistoni zinawaka kwa dakika 2 hadi 5 na ufanisi wa 42% au zaidi, ila zinataka matengenezo ya mara kwa mara. Ukichagua ya mvuke kwa sababu karatasi inasema 50%, halafu ukailazimisha kupanda na kushuka kila wingu linapopita, ile 50% hutaiona, na vyuma vya boila vitapasuka mapema kwa kupanuka na kusinyaa.

Kingine ni mkataba. Mikataba mingi ya gesi ni ya lipa hata usipochukua. Ukishasaini hiyo, jua likiwaka saa sita mchana huna faida ya kuzima gesi, kwa sababu umeshailipia. Hapo ndipo sola inapokufa kweli. Mwuaji anakuwa ni karatasi.

#4 Barafu_Kibo (Moshi)

Nyongeza ya hesabu ya hewa, kwa wanaodai gesi ni safi na kwa wanaodai gesi ni sawa na makaa. Wote wanakosea, inategemea uvujaji.

Uniti moja ya umeme kutoka mtambo wa gesi wa ufanisi wa 50% inahitaji megajuli 7.2. Gesi asilia ikiungua inatoa kilo 56 za hewa ukaa kwa gigajuli, kwa hiyo gramu 403. Makaa ya mawe kwenye mtambo wa 36% yanahitaji megajuli 10, kwa kilo 95 kila gigajuli, gramu 950. Mpaka hapo gesi imeshinda kwa zaidi ya nusu, na ndiyo sababu kubwa ya hewa ukaa ya sekta ya umeme ya Marekani kushuka tangu 2005, ikisaidiwa na upepo na jua.

Sasa ingiza uvujaji. Megajuli 7.2 ni gramu 144 za methani. Mtafiti Alvarez na wenzake walipopima mnyororo mzima wa Marekani, kwenye makala yao ya 2018, walipata 2.3% ya gesi inayochimbwa inapotelea hewani, 60% juu ya makadirio ya serikali yao. Kwa uniti yetu ni gramu 3.4. Methani ya visimani, kwa viwango vya ripoti ya sita ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, ina nguvu mara 82.5 ya hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 20, na mara 29.8 kwa miaka 100. Zidisha:

Miaka 100: 403 + 101 = gramu 504
Miaka 20: 403 + 280 = gramu 683

Bado chini ya 950. Uvujaji ukifika kama 4.4%, kwa kipimo cha miaka 20, gesi na makaa vinakuwa sare. Hapo sijaweka methani inayotoka migodi ya makaa, ambayo ingeipa gesi nafasi zaidi. Kwa upande wa pili sijaweka gesi ya kusindikwa kuwa kimiminika, inayopozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri na kusafirishwa kwa meli. Robert Howarth, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, alikokotoa mwaka 2024 kwamba gesi ya meli ya Marekani, kwa kipimo cha miaka 20, ni mbaya kuliko makaa kwa 33%. Wapo wanaompinga, hasa kwa kuchagua miaka 20 na kiwango cha uvujaji. Ukibadilisha namba hizo mbili jibu linageuka, ndiyo maana nimeweka hatua zote hapa mzichezee wenyewe.

Kinachovuja ni vitu vya kawaida kabisa: mfuniko wa tanki ambao mpira wake umekauka, valvu za kuendeshwa kwa presha ya gesi yenyewe ambazo zinapumua hewani kwa muundo wake, vifungashio vya shafti ya kompresa vilivyolika, mwenge wa kuchomea gesi ya ziada uliozimika huku gesi inaendelea kutoka. Uvujaji mdogo ni mwingi kwa idadi, lakini nusu na zaidi ya methani yote hutoka kwenye kama 5% ya matundu. Ukiwa na kamera ya infraredi na ratiba ya kuzunguka, unashusha uvujaji haraka kuliko kujenga mtambo wowote.

#5 MzeeWaSoko (Kiboriloni)

Barafu_Kibo na jina lako hilo. Barafu ya mlima imeisha kwa sababu ya hiyo methani yenu ya Pennsylvania? Maana kila mtu wa tabianchi lazima atuonyeshe picha ya Kibo.

#6 Barafu_Kibo

Mzee shikamoo. Swali zuri, na picha hiyo mimi siitumii. Kibo imepoteza kama 85% ya eneo la barafu kati ya 1912 na 2007, lakini ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, kabla ya hizi gesi kuwa nyingi. Kule juu joto la hewa mara nyingi liko chini ya sifuri. Barafu inaliwa na jua moja kwa moja, inageuka mvuke bila kupita kwenye maji, na theluji mpya haitoshi kuifidia kwa sababu hewa ilikauka. Ongezeko la joto la dunia limo, lakini ukilitaja peke yake unamdanganya msikilizaji.

Na maji ya chemchemi za Moshi hayatoki kwenye barafu, kwa sehemu kubwa kabisa yanatoka kwenye mvua ya ukanda wa msitu. Msitu ukikatwa kwa mkaa, hapo mifereji inakauka bila kusubiri methani ya mtu.

#7 MzeeWaSoko

Marahaba. Hapo tumeelewana.

#8 MajiYaMeru (Usa River)

Naomba nirudi kwenye maji ya KisimaKirefu, kwa sababu huku kwetu tunajua uchungu wa maji yenye kitu kisichotakiwa. Ngarenanyuki floridi iko juu sana kuliko kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na kuiondoa kwa mkaa wa mifupa, kama wanavyofanya Ngurdoto, ni kazi kwelikweli. Hiyo ni chumvi moja tu, tena kwa miligramu.

Maji yanayorudi kutoka kisima cha Marcellus yana chumvi zinazoweza kupita miligramu 100,000 kwa lita. Bahari ni 35,000. Ndani yake kuna bari, strontiamu, bromidi, na radiamu ambayo ni mionzi ya asili ya mwamba wenyewe. Mashine za kuchuja kwa utando zinagota kwenye 70,000 hivi, presha inayotakiwa inakuwa kubwa mno. Mpaka 2011 sehemu ya maji hayo Pennsylvania ilipitishwa kwenye mitambo ya kawaida ya majitaka ikamwagwa mitoni. Mitambo ile haitoi chumvi. Bromidi ikashuka hadi kwenye vyanzo vya maji ya kunywa, ikakutana na klorini, ikatengeneza viambata vinavyoshukiwa kuleta saratani. Jimbo likataka zoezi hilo likome.

Njia iliyobaki ni kuyatumia tena kwenye kisima kinachofuata, au kuyasukuma chini kwenye visima virefu vya kutupia. Oklahoma walitupa mengi sana hivyo, presha ikafika kwenye mipasuko ya kale ya ardhi ikailainisha, na Septemba 2016 mji wa Pawnee ukapigwa na tetemeko la 5.8. Hapo wengi hukosea: matetemeko makubwa ya Oklahoma yalitokana zaidi na kutupa maji, kuliko na kupasua kwenyewe. Uingereza ilikuwa kinyume, pale kwenye kisima cha Preston New Road tetemeko la 2.9 la Agosti 2019 lilitokana na kupasua, serikali ikasimamisha Novemba mwaka huo huo. Ufaransa walishapiga marufuku tangu 2011.

#9 KisimaKirefu

MajiYaMeru umemaliza. Niongeze kimoja kuhusu maji ya juu, kwa kuwa watu hudhani nyufa zinapanda kutoka mita 2,000 hadi kisima cha jirani. Ni nadra sana. Njia ya gesi kufika kwenye maji matamu huwa ni saruji mbovu nje ya kesingi. Kesingi isipowekewa vishikizi vya kuiweka katikati ya shimo, inalalia upande mmoja, saruji inapita upande mpana tu, upande mwembamba unabaki na tope la kuchimbia. Hilo tope likikauka linakuwa mfereji wa gesi. Au saruji inaganda polepole, uzito wake unaacha kusukuma kabla haijawa ngumu, gesi inapenya humo humo na kuacha vitundu. Au ilishika vizuri, halafu presha ya vipande 40 ikaivimbisha na kuisinyaza kesingi mara 40 hadi ikaachana na saruji kwa unene wa unywele.

Dawa zake zinajulikana: vishikizi, kusukuma maji ya kuoshea mbele ya saruji, kusubiri saa za kutosha, kupima mshiko kwa sauti kabla ya kupasua, kuacha geji kati ya kesingi na kesingi na kuisoma. Geji hiyo ikipanda, ukaipunguza, ikapanda tena, saruji imeshindwa. Dimock, Pennsylvania, kisima cha maji cha nyumba moja kililipuka Januari 2009 baada ya methani kujikusanya humo.

#10 Chalii_UngaLtd

Na huku kwetu kuna sheli ya kupasua? Si nasikia Eyasi wanatafuta mafuta?

#11 KisimaKirefu

TPDC, shirika la mafuta la taifa, wanafanya utafiti kitalu cha Eyasi Wembere, ndiyo, na kinagusa mkoa wa Arusha. Lakini wanachotafuta ni mafuta ya kawaida kwenye mabonde ya ufa. Arusha mjini na Moshi mmekalia mawe ya volkano ya Meru na Kilimanjaro. Sheli ya gesi inataka tope lenye mabaki ya viumbe kama 2% na zaidi, lililozikwa kilomita kadhaa na kupikwa mamilioni ya miaka. Hapa chini yenu hakuna jiko hilo.

Kinachonivutia zaidi ni kinyume chake. Mbinu ile ile ya mlalo na kupasua sasa inatumika kwa jotoardhi. Nevada kampuni ya Fervo ilichimba visima viwili vya mlalo kwenye mwamba wa moto wa nyuzi 191, ikapasua katikati, na kwenye jaribio la mwaka 2023 ikapitisha maji lita 63 kwa sekunde, MW 3.5. Hakuna methani ya kuvuja hapo. Kwa watu wa Bonde la Ufa, wenye Natron kwenye orodha ya miradi ya jotoardhi ya taifa, nadhani hiyo ndiyo habari ya kufuatilia. Hatari ya tetemeko ipo pale pale, na heroe wa Natron hawahitaji chumvi ya ziada.

#12 Laini400

Turudi kwenye "gesi ikifika Arusha". Kwanza haina bomba la kufikia huku. Makubaliano ya Tanzania na Kenya ya Mei 2021 yalihusu bomba la Dar hadi Mombasa. Kwa hiyo tuchukue malori ya gesi iliyoshindiliwa. Trela la kawaida la mitungi ya chuma tuseme linabeba tani 5, sawa na gigajuli 250. Kituo kidogo cha MW 10 chenye injini za ufanisi wa 42% kinakula gigajuli 86 kwa saa. Trela moja linaisha kabla ya saa tatu. Ni matrela 8 kwa siku, kila moja kilomita 640 kuja na 640 kurudi tupu, kupita Chalinze na Segera. Kwa MW 10 tu.

Na gesi hiyo ikifika ingemwondoa nani? Huu ndio msingi wa tofauti yetu na Marekani. Wao gesi ilimwondoa makaa ya mawe, hewa ikapata nafuu. Gridi yetu haina makaa ya kuondoa. Kabla ya Bwawa la Nyerere gesi ndiyo ilikuwa inafua zaidi ya nusu. Tangu mtambo wa kwanza uwashwe Februari 2024, na yote tisa ya MW 235 ikamilike, jumla MW 2,115, gesi inashindana na maji. Zile gramu 504 za Barafu_Kibo huku zinalinganishwa na mshindani mwingine kabisa.

Tatizo la kaskazini ni umbali. Umeme unafuliwa kusini na mashariki, sisi tuko mwisho wa waya. Nyumba ya Mungu ni MW 8 tu. Laini ya kV 400 ya Singida hadi Namanga kupitia Lemuguru imesaidia, na mwaka 2025 serikali ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya kanda hii hii, ikitaja upotevu wa njiani. Uniti ya sola inayozalishwa Kisongo na kutumika Kisongo haipotei njiani. Mchana unatumia jua, maji yanabaki bwawani Mtera na Rufiji, jioni saa moja watu wakiwasha majiko unayaachia. Bwawa ndiyo betri. Gesi ya Kinyerezi inabaki akiba ya mwaka wa kiangazi, kama ule wa mwisho wa 2022 tulipoingia mgao. Kwa kazi hiyo inafaa sana, wala siisemi vibaya.

Ila akiba nayo haina uhakika wa kudumu. Texas, Februari 2021, baridi iligandisha vichwa vya visima vya gesi, na kompresa nyingine zilikuwa za umeme, zikakatiwa umeme kwenye mgao. Gesi ikakosa umeme, umeme ukakosa gesi.

#13 DadaJiko (Majengo, Moshi)

Jamani mnaongea gesi na gesi, mtu wa jikoni anapotea. Gesi ya mtungi haitoki Mtwara. Ya Songo Songo ni methani kama 97%. Ya mtungi ni propani na butani, inashushwa na meli Dar na Tanga. Na hapa frakingi inaingia jikoni kwenu kwa mlango wa nyuma: visima vya sheli vya Marekani vinatoa hizo propani na butani kwa wingi kiasi kwamba Marekani ndiyo mwuzaji mkubwa kuliko wote duniani. Bei ya mtungi wa Moshi inafuata soko hilo.

Hesabu ya kulinganisha: mtungi wa kilo 15 una kama uniti 192 za joto. Jiko likitumia 55%, unabaki na 105 zilizofika kwenye sufuria. Gawanya bei uliyonunulia kwa 105. Ukinunua kwa elfu 57 ni shilingi 543. LUKU ya T1 (bei ya watumiaji wa kawaida), elfu kumi kwa uniti 28, ni 357. Kwa makande ya familia, sufuria la presha la umeme la wati 1,000 linavuta nguvu kamili dakika 25 hivi, kisha linajikata na kujiwasha. Weka nusu uniti hadi 0.7, yaani shilingi 180 hadi 250.

Mtego wake: aliye kwenye D1 (bei ya watumiaji wadogo) analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ukihamishia mapishi yote kwenye umeme ukavuka 75, nafuu hiyo inaisha na unaweza kuhamishiwa T1. Fanya makande na maharage kwenye umeme, chai na ugali kwenye mtungi.

Na kwa hewa, mtungi au umeme vyote viko mbali sana na mkaa. Tanuri la kienyeji linataka kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Mkakati wa taifa unataka 80% ya watu wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034, na mimi nauunga mkono hata kama propani ni ya sheli.

#14 Chalii_UngaLtd

Dada, na kuvuja? Hawa wameongea 2.3% ya Marekani, mtungi wangu je?

#15 DadaJiko

Sabuni ya maji na maji kidogo, paka kwenye regulata, maungio ya mpira na shingo ya valvu, mtungi ukiwa umefunguliwa na jiko limezimwa. Povu likivimba, funga. Kagua mpira pale unapoingia kwenye jiko, ndipo unapopasuka kwa joto. Uko na tarehe umeandikwa, iheshimu. Tofauti na methani ya kina Laini400 inayopanda juu, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Inalala sakafuni, inaingia chini ya kabati na kwenye mfereji wa maji. Dirisha la juu peke yake halitoshi, acha upenyo chini ya mlango. Ukisikia harufu usiguse swichi, hata ya kuzima.

#16 Mangi_Sola (Moshi)

Kwa mdau aliyeanzisha zogo: kwa Moshi na Arusha panga uniti 4 kwa siku kwa kila kilowati ya paneli, na Juni na Julai mawingu yakikaa mlimani panga 3. Wengi hupanga kwa 5 kwa sababu waliona karatasi ya Dodoma, mwezi wa saba betri inalala saa mbili usiku wanasema sola ni utapeli. Elekeza kaskazini, mwinamo usipungue nyuzi 10 ili mvua ioshe vumbi. Kata mgrevilea unaotia kivuli. Kivuli cha tawi moja kwenye paneli moja kinazivuta chini paneli zote zilizofungwa nayo mfululizo.

#17 Laini400

Sahihisho la #12 kabla hamjanikamata: matrela 8 ni yanayofika kwa siku. Safari, kujaza na kushusha ni siku mbili kwa kila gari, kwa hiyo unahitaji 16 barabarani na mawili ya akiba. Na Segera mvua za Aprili zikikata barabara, kituo kinazimika ndani ya saa tatu.